Bi Kobe, Mfukia Mbegu

Paukwa!
Pakawa!
Masikio yapo?
Yapo, mawili mawili!
Na huyo aliyejilaza ukutani, amelala?
Hajalala, amefumba macho anasikiliza!
Vizuri. Nashukuru hamkumwita mvivu, maana ngano yangu ni ya mtu kama huyo.

Hapo zamani za kale, katika bonde moja la udongo mwekundu, wanyama walilima kwa ujima. Leo wote shambani kwangu, kesho wote kwako, keshokutwa wote kwa yule, mpaka kila mmoja apandiwe. Zamu zilipangwa kwa kura. Mwaka huo, wa kwanza akatoka Ngiri, wa pili Sungura, wa tatu Nyani, na wa mwisho kabisa Bi Kobe.

Ngiri alitangulia, akichimba mashimo kwa meno yake marefu. Sungura alimfuata, akidondosha punje za mahindi. Bi Kobe alikuja nyuma, polepole, akiburuta miguu na tumbo juu ya mstari, kama alivyofanya mama yake na mama wa mama yake. Na Nyani? Nyani alikaa kivulini juu ya kichuguu, anapiga ngoma. Alisema anawatia wenzake nguvu. Haya, tumkubalie kwa sasa.

Siku ya kwanza, shambani kwa Ngiri, Nyani akaimba:

*Ngiri ni jembe, chimba!*
*Sungura ni moto, ruka!*
*Kobe goigoi, buruta!*

Bi Kobe akasema, "Nafukia mbegu, baba."

"Kutembea nako ni kazi?" Nyani akacheka.

Bi Kobe akaburuta mpaka mwisho wa mstari.

Siku ya pili, shambani kwa Sungura, Nyani akaimba tena:

*Ngiri ni jembe, chimba!*
*Sungura ni moto, ruka!*
*Kobe mzembe, buruta!*

"Nafukia mbegu, baba."

"Wenzio wametoka jasho, wewe hata vumbi halikupandi!"

Bi Kobe akaburuta mpaka mwisho wa mstari.

Siku ya tatu ikawa zamu ya shamba la Nyani. Hata ngoma hakuipiga. Alisimama kwenye mpaka wa shamba, mikono kiunoni.

"Wewe Kobe, kwangu hukanyagi. Sitaki mtegeaji shambani kwangu. Toka kwenye ujima!"

"Nikitoka, shamba langu litapandwa na nani? Mvua iko mlangoni."

"Litapandwa na miguu yako hiyo!"

Sungura akacheka. Ngiri akainama, akajifanya anatafuta jiwe. Nawauliza ninyi mlioketi hapo: Ngiri alikuwa amepandiwa, Sungura alikuwa amepandiwa, na mfukiaji alikuwa yule yule. Hata mmoja angekosa neno la kusema?

Walikosa. Bi Kobe akageuka, akaenda zake.

Siku hiyo kazi ilikwenda mbio! Chimba, dondosha. Chimba, dondosha. Kabla jua halijafika utosini walikuwa wamemaliza. Nyani akapiga makofi. "Mnaona? Tumetoa mzigo, tumekuwa wepesi!"

Walipoondoka tu, akaja Bi Kanga na wanawe kumi na wawili. Akachungulia shimo la kwanza. Akachungulia la pili. Akachungulia la tatu.

"Wanangu," akasema, "leo tumeandaliwa."

Mvua ya kwanza ikanyesha. Shamba la Ngiri likachipua. Shamba la Sungura likachipua. Shamba la Nyani likabaki jekundu, tupu, limejaa mashimo yenye maji.

Nyani akamkamata Sungura sikio. "Umenipandia punje mbovu!"

"Punje zilitoka kwenye kibuyu chako mwenyewe, kaka!"

"Basi Ngiri hakuchimba vizuri!"

"Mashimo si hayo unayaona?" Ngiri akajibu.

Bi Kanga alikuwa akipita, tumbo limemtangulia. "Msigombane, jirani zangu. Mbegu nimekula mimi. Hazikuwa zimefunikwa."

"Na zangu?" Ngiri akauliza. "Mbona zangu hukuzila?"

"Zako? Nilichakura mpaka kucha zikaniuma! Huyo aliyepita nyuma yenu alikuwa ameshindilia udongo kama sakafu. Msije naye tena huyo, ananilaza na njaa."

Wakatazamana wote watatu. Ngiri, ambaye huchimba akitazama mbele. Sungura, ambaye hutazama shimo. Nyani, ambaye alitazama kila kitu kutoka juu na asione kitu.

Walimkuta Bi Kobe shambani kwake, anachimba kwa kucha. Siku zote hizo, mistari mitatu mifupi. Midomo imejaa udongo.

Ngiri akapiga magoti. "Mama, nilikuona ukifukuzwa nikatafuta jiwe. Nisamehe."

"Na mimi nilicheka," akasema Sungura. "Nisamehe, mama."

Nyani akakohoa. "Mimi... kwa kweli, ngoma ilikuwa na sauti kubwa..."

"Ngoma iache," akasema Bi Kobe. "Shuka hapa. Inama. Fukia mstari mmoja."

Nyani akainama. Akaburuta miguu, akashindilia. Nusu ya mstari akashika kiuno. Robo tatu akahema. Mwisho wa mstari akalala chali.

"Kumbe ni kazi!"

"Ni kazi, baba."

"Ahsante kwa ile ya shambani kwa Ngiri, mama. Na ya kwa Sungura."

"Sasa nimesikia," akasema Bi Kobe. "Inukeni, mvua haitungoji."

Siku hiyo walipanda shamba la Bi Kobe lote. Ngiri akachimba, Sungura akadondosha, Bi Kobe akafukia, na Nyani akafukia upande wa pili. Jioni Bi Kobe akatikisa kibuyu chake, zikabaki punje chache. Akampa Nyani.

"Kapande. Kesho tutakuja wote."

Mahindi ya Nyani mwaka huo yalikuwa mafupi kama kidole, lakini yalikuwa mahindi, na aliyala akilia kwa shukrani.

Tangu siku hiyo, mnyama wa bonde lile haumi hindi la kwanza kabla hajageuka nyuma akasema, "Ahsante, uliyefukia." Nasi tufanye hivyo. Yupo anayefagia kabla hujaamka, yupo anayeosha sufuria ulilolishibia. Ukitaka kumwita mtu mvivu, kwanza geuka utazame anachokiacha nyuma yake. Kisha jitazame na wewe umekaa wapi.

Na Nyani kwa nini makalio yake hayana manyoya? Kaulizeni kichuguu.

Ngano yangu imefika ukingoni mwa shamba. Tamu yake mgawane, chungu yake nirudishieni mimi. Na aliyechochea moto huu tangu magharibi bila kusema neno, ahsante.