Mpishi Aliyesugua Mawe

Mpishi mmoja alistaafu huku nguvu za kupika zikiwa bado zinamwasha mikononi. Jina lake Zabroni, mtu wa Kigoma, na kwa miaka mingi alishika jiko la nyumba ya wageni ya misheni. Sifa yake ilikuwa moja: hakuna aliyewahi kuondoka mezani kwake na njaa. Lakini sasa watoto wameoa na kuolewa, wameenda zao, na nyumbani amebaki na mkewe Perusi peke yake, ambaye alikula alichopakuliwa, akashukuru, akaondoa vyombo. Mpishi asiye na walaji ni mtu wa kuhurumiwa. Zabroni alizunguka jikoni akifunua vyungu visivyo na kitu, na moyo ulimuuma kwelikweli.

Ikatokea jirani yao mwalimu kuhamishiwa mkoa mwingine. Gari lilipokwisha kupakiwa, ikaonekana kwamba tangi lake la kioo lenye samaki hai haliwezi kusafiri. Akamkabidhi Zabroni, maji yakimwagika pande zote. Alisema tu kwamba hao ni samaki wa kwenye mawe, akakimbilia gari, akaenda. Zabroni hakumwuliza neno. Amwulize nini? Yeye alizaliwa kando ya ziwa, samaki anawajua tangu utoto. Ila ukweli usemwe: aliwajua kutoka kwenye sufuria.

Walikuwa wadogo, weusi, wenye madoa meupe kama ndege kanga, na mawe waliyokuja nayo yalikuwa yamefunikwa na utando wa kijani. Zabroni aliwakagua akakata shauri kwamba hawa ni watoto wa sangara, hawajakua tu. Na sangara hula nini? Nyama. Basi akafurahi kama mtu aliyepokea wageni wa heshima. Mgeni njoo mwenyeji apone, nao waganga wake ndio hao wamefika. Alisaga nyama ya ng'ombe laini, akaondoa kila uzi wa mafuta, akawapa kidogo kidogo kwa vidole. Nao walikula. Waliufuata mkono wake kila unapotokea juu ya maji, na Zabroni akacheka peke yake sebuleni.

Tena alikuwa mtu safi. Jiko la misheni lilimfundisha kwamba chakula kizuri katika chombo kichafu ni tusi. Kila Jumamosi aliyatoa yale mawe, akayasugua kwa brashi na majivu mpaka yakawa meupe, akayasuuza na kuyarudisha. Wapitao njia walichungulia mlangoni, wakasema tangi la Zabroni linang'aa kuliko vioo vya kanisa. Alizipokea sifa hizo. Nani asingezipokea?

Baadaye samaki walianza kuvimba matumbo. Wakaacha kuufuata mkono. Walijibanza pembeni, vichwa vikielekea ukutani, na hata walipotupiwa nyama waliiacha ishuke chini. Zabroni aliona wamechoshwa na chakula cha aina moja, akaongeza utamu: maini, kisha dagaa wabichi aliowaponda kwa kinu. Kadiri walivyokataa, ndivyo alivyozidi kuandaa. Asubuhi moja akamkuta mmoja anaelea, tumbo juu. Alimzika chini ya mnyanya nyuma ya nyumba, na alipoinuka macho yalikuwa yamelowa. Hakulia kwa ajili ya samaki peke yake. Maisha yake yote alijiona mtu anayewapa watu uhai kwa mikono yake, na mikono hiyohiyo sasa inaua, wala hajui kwa nini. Akaapa moyoni kwamba wakifa wote hataingia tena jikoni.

Jumamosi ikafika. Zabroni akayatoa mawe, akakaa na beseni lake, akaanza kusugua. Lakini jiwe moja kubwa lilikuwa limekwama nyuma ya bomba la hewa, na upande wake wa nyuma brashi haikuwahi kuufikia; akaligeuza kidogo, likakataa kutoka, akaliacha kwanza. Perusi alikuwa ameketi mbele ya tangi anachambua maharage. Mkono wake ukasimama. Wale samaki wagonjwa, wasiosogea kwa maini wala kwa dagaa, walikuwa wametoka pembeni mmoja mmoja na kulizunguka jiwe lile, ambalo kwa upande wake wa nyuma lilikuwa bado la kijani. Walilibusu na kulikwaruza, wakasogea, wakalikwaruza tena. Alitazama mpaka akawa na hakika.

"Baba Eunisi," alisema, "hebu weka brashi chini. Hicho unachokisugua ndicho chakula chao."

Zabroni alikuja akapiga magoti mbele ya kioo. Kwa mara ya kwanza aliutazama mdomo wa samaki yule, na si kile anachotaka kukiweka ndani yake. Ulikuwa mpana, umeinamia chini, wenye ukingo kama kijiko cha kukwangulia ukoko. Mdomo kama huo ni wa kukwangua. Hakuumbiwa mnofu huyu, wala si sangara, wala hatakuwa sangara hata akikua. Kumbe alikuwa akiwanyang'anya chakula kila Jumamosi kwa jina la usafi, kisha akiwapa sumu kila siku kwa jina la upendo. Na walipokuwa wakiufuata mkono wake? Ilikuwa njaa tu. Mwenye njaa hula anachopewa.

Sahani ya maini aliipeleka kwa mbwa wa jirani. Mawe aliyatia kwenye beseni la maji, akaliacha juani uani yapate kuchafuka upya, na samaki wakabaki na lile jiwe moja. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote: kukaa, kutazama, kutopika. Matumbo yalipoanza kupungua aliwachemshia majani ya mchicha mpaka yakalainika, bila chumvi, bila kitunguu, bila tone la mafuta, akaona aibu ya kitaaluma. Wakaja, wakayakwangua. Hakufa mwingine. Wapita njia wakanong'ona kwamba mzee wa watu amechoka, siku hizi hata mawe hasugui, na Zabroni akawasikia akatabasamu, kwa maana alikuwa mtu mwenye furaha.

Jioni moja walipokuwa wameketi wawili mbele ya tangi, alimgeukia Perusi akamwuliza yeye mwenyewe hupenda kula nini. Katika ndoa yao yote, na chakula chote kile kizuri, swali hilo lilikuwa halijawahi kuulizwa. Perusi alisema ni muhogo wa kuchoma majivuni, mkavu, usiowekwa chochote. Zabroni akaenda kuchoma muhogo.

Nawe uliyempokea mke, au mkwe, au yatima, ukamlisha mpaka mtaa ukakusifu: ni jiwe lake lipi ulilolisugua ukidhani ni uchafu?