Kilio Hakisahihishwi

Kilio hakisahihishwi.

Mmeusikia usemi huu leo barazani, mwenyekiti alipomkata katibu kauli. Yule mama aliyefiwa na ng'ombe alikuwa akieleza shida yake kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kipare, na katibu, badala ya kuandika, akawa anamrekebisha: si hivyo mama, sema hivi. Mwenyekiti akatamka maneno mawili tu, baraza zima likatulia. Nyinyi mkacheka, kisha mkaja kuniuliza usemi huo umetoka wapi. Haukutoka mbali. Ulizaliwa hapa hapa mlimani, katika nyumba ya watoto wawili, mwaka ule wa maporomoko ya udongo. Nitawasimulia, ila mikono isisimame. Tangawizi hii yote inataka kuoshwa.

Palikuwa na mtu akiitwa Eliamani Mgonja. Siku za kazi alikuwa mkulima kama sisi sote, lakini Jumapili alikuwa mwalimu wa kwaya, na nyimbo nyingi za kwaya ile alizitunga mwenyewe. Hakutunga ovyo. Alitembea shambani akihesabu mizani kwa vidole, na mshororo ukizidi kidogo tu, alikosa raha mpaka aupunguze. Watu walimpenda na kumtania. Walisema Eliamani hata akiomba chumvi kwa jirani, huiomba kwa vina.

Mkewe aliitwa Nanzia. Alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni. Enzi hizo wanawake wengi wa huku juu walikuwa nalo. Walilifunika kwa kitenge, maisha yakaendelea. La Nanzia, hata hivyo, lilianza kumbana pumzi, na daktari wa mjini akasema lazima likatwe. Masika yalipoanza akateremka mjini na kaka yake. Watoto waliambiwa kwamba mama amekwenda kumsalimia shangazi. Eliamani ndiye aliyeitunga kauli hiyo, na aliisema bila kuwatazama machoni.

Mama yao hajamaliza hata wiki huko, mlima ukateleza. Udongo ulikata barabara na kujaa madarasani, ingawa kwa neema ya Mungu ilikuwa alfajiri na hapakuwa na mtu. Shule ikafungwa mpaka udongo uondolewe, na walimu wakawaomba wazazi wanaojua kusoma wawafundishe watoto nyumbani. Binti wa Eliamani, Nakijwa, alikuwa darasa la nne, mwaka wa mtihani wa taifa. Mdogo wake, Sifueli, alikuwa la pili.

Eliamani aliipokea kazi ile kwa mikono miwili. Alipaka ubao mweusi kwa masizi ya sufuria, akanunua madaftari mawili na kalamu nyekundu. Hesabu hakuzipenda sana. Alichokitaka hasa ni mambo mawili: watoto waandike shajara kila siku, na wajifunze kulionja shairi.

"Shajara," aliwaambia asubuhi ya kwanza, "ni mahali pa kuandika siku yako ilivyokuwa. Ulichokiona, ulichokisikia, moyo wako ulivyokuwa. Msiniandikie uongo."

Watoto wakaitikia, "Ndiyo, baba."

Siku zilizofuata Nakijwa aliandika kwa bidii. Aliandika kuhusu kuku aliyetaga ndani ya kapu la vitunguu, kuhusu ukungu, kuhusu Sifueli aliyeanguka mferejini akasingizia konokono. Baba alisoma, akacheka, akasahihisha. Kalamu nyekundu ilipita kila mahali. Neno likikosewa, mtoto aliliandika upya mara tano chini ya ukurasa. Hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyofundishwa, na hakuona ubaya wowote.

Jioni moja Nakijwa alileta daftari, akaliweka mezani, akabaki amesimama. Alikuwa ameandika hivi:

"Leo nimeenda mferejini. Wamama wanafua wakasema mama atapasuliwa shingo. Walivyoniona wakanyamaza. Mimi na ogopa."

Eliamani alisoma mpaka mwisho. Alijua mtoto amesimama pale, anangoja. Alijua pia kwamba akinyanyua uso itambidi aseme jambo, na jambo lenyewe hakulijua: kaka wa Nanzia alikuwa hajaleta habari, barabara haipitiki, na simu za mkononi zilikuwa bado hazijapanda mlimani. Basi akafanya alichokiweza. Akaishika kalamu.

Akakata "wamama wanafua", akaandika juu yake "akina mama waliokuwa wakifua". Akakata "walivyoniona", akaandika "waliponiona". Akazungushia duara "na ogopa".

"Hili ni neno moja," alisema. "Ninaogopa. Liandike mara tano."

Nakijwa akalichukua daftari, akakaa, akaandika. Ninaogopa. Ninaogopa. Ninaogopa. Ninaogopa. Ninaogopa. Akalirudisha. Baba akaweka alama ya vema, akamwambia akalale.

Tangu siku hiyo shajara ya Nakijwa haikuwa na kosa. "Leo niliamka. Nilinawa uso. Nilikunywa uji. Nilichota maji. Nililala." Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Kalamu nyekundu ikakosa kazi. Eliamani alijaribu kufurahi. Akamsifu binti yake mbele ya jirani, kwamba sasa anaandika Kiswahili safi kama cha redioni. Lakini kila alipoufungua ukurasa mpya na kukuta uji na maji yale yale, alihisi kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba ambayo moshi unatoka na hakuna anayeitikia.

Akajiambia kwamba mtoto amechoka shajara. Akahamia kwenye mashairi.

Alitunga ubeti mmoja kwa ajili yao, akauandika ubaoni, akausoma kwa sauti yake nzuri ya kwaya:

*Mvua imenya milima, maji yajaa bondeni,*
*Mkulima asimama, jembe lake mkononi,*
*Tangawizi yainama, yanyonya unyevu chini,*
*Nyumbani watoto wema, wamngoja mlangoni.*

"Haya, Nakijwa. Niambie kuhusu shairi hili."

Nakijwa alisimama wima kama mtu aliye mbele ya mkaguzi. "Ni ubeti wenye mishororo minne, baba. Vina vya kati ni 'ma'. Vina vya mwisho ni 'ni'. Mizani ni nane kwa nane."

"Vizuri sana. Sifueli, umesikia dada yako? Sasa, Nakijwa, linazungumzia nini?"

"Mvua."

"Mvua tu? Lionje. Likupe ladha. Ukilisikia, moyoni unajisikiaje?"

Mtoto akainama, akawa anakwangua meza kwa ukucha. Kisha akauliza, bila ukali, kama mtu anayetaka kujua njia ipi apite:

"Baba, unataka niseme sahihi, au niseme kweli?"

"Sema kweli," alisema Eliamani.

"Mimi sijali mvua. Mimi nimeshika hapo mwisho tu, pale mlangoni. Wale watoto wanamngoja baba yao na wewe hujasema kama alirudi. Umeishia hapo. Kwa nini umeishia hapo?"

"Ubeti ulikuwa umetimia, mwanangu."

"Hata mimi nina shairi langu," alisema Nakijwa. "Lakini nimelitunga vibaya."

"Lisome hivyo hivyo."

Hakulisoma, lilikuwa kichwani. Alilisema akiutazama mlango:

"Nami namngoja mama, mlangoni,
na hakuna anayeniambia kama atarudi au hatarudi."

Mkono wa Eliamani ulikuwa umeshaanza, kwa mazoea ya miaka yote. Kidole kimoja kimoja kiligusa meza: nane, sawa, halafu nne, pungufu, kisha ule mshororo wa pili ukaja, ukaenda, ukazidi kwenda, vidole vya mkono mmoja vikaisha, vya mkono wa pili vikaisha, na maneno ya mtoto bado yanakuja.

"Baba," alisema Nakijwa, na sasa sauti ilikuwa imepasuka, "unahesabu!"

Eliamani akaitazama mikono yake iliyotandazwa mezani. Akaikunja taratibu, akaiweka mapajani. Akamkumbuka mtoto yule yule akiinamia daftari na kuandika mara tano kwamba anaogopa; na yeye baba mtu, badala ya kumshika, akaweka vema.

"Njooni hapa," alisema. "Wote wawili."

Wakaja. Sifueli alipanda mapajani. Nakijwa alisimama pembeni kwanza, kisha akaegemea.

"Mama hayuko kwa shangazi. Niliwadanganya. Mama yuko hospitali, wanamkata lile rovu. Labda wameshamkata."

"Atakufa?" aliuliza Sifueli.

"Sijui, baba. Madaktari walisema wengi wanapona. Mimi sijui. Na mimi naogopa. Nilikuwa naogopa hata siku ile uliponiletea daftari, Nakijwa, ndiyo maana nilishika kalamu."

Nakijwa akalia, na Sifueli akalia kwa sababu dada yake analia, na baba yao akalia kwa ajili yake mwenyewe. Jirani aliyekuja kuomba moto alifika mlangoni, akawaona, akarudi na kijinga chake kimezimika bila kubisha hodi. Yeye ndiye aliyetusimulia sehemu hiyo.

Keshoye hapakuwa na somo. Eliamani aliwavalisha watoto masweta, akafunga ndizi za kuchoma kwenye majani, wakateremka kwa miguu. Walipofika penye maporomoko, walivuka kwa ubao uliowekwa na vijana, Sifueli akiwa mgongoni. Ng'ambo ya pili walipata lori la tangawizi lililokuwa likishuka mjini, dereva akawapandisha juu ya magunia.

Nanzia alikuwa ameshapasuliwa. Walimkuta amelala wodini, shingo imefungwa bandeji nyeupe, amekonda. Sifueli alijificha nyuma ya miguu ya baba yake, maana hakumtambua. Nanzia alifungua mdomo kuwaita, pakatoka upepo tu. Muuguzi akawaeleza kwamba uvimbe umetoka wote, hatari imepita, ila sauti imeguswa. Huenda itarudi, huenda isirudi kama ilivyokuwa.

"Kwa hiyo haongei?" aliuliza Nakijwa.

"Haongei kwa sasa. Lakini anasikia vizuri sana."

Nakijwa akaketi ukingoni mwa kitanda, akatoa daftari lake kwenye kikapu. Usiku ule, baada ya kulia, alikuwa ameandika kurasa nyingi, na hakuna aliyeziona. Akaanza kumsomea mama yake. Alisoma kuhusu mlima ulivyounguruma, kuhusu kuku na kapu la vitunguu, kuhusu wanawake wa mferejini, kuhusu baba alivyounguza maharage siku tatu mfululizo akasema ni aina mpya ya maharage. Alisoma na makosa yake yote. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka wasikilize. Nanzia alicheka bila sauti huku machozi yakiingia masikioni, na Eliamani, kila neno lilipopotoka, alihisi vidole vikimwasha. Akaikalia mikono yake.

Nanzia alirudi nyumbani mvua zilipokwisha. Sauti ilirudi nusu, ya kukwaruza, na kwenye kwaya hakuimba tena. Alikaa safu ya mbele akasikiliza. Jambo hilo lilimuuma, siwezi kuwadanganya. Lakini alikuwa hai, anapumua vizuri, na watoto walizoea kusogea karibu wanapoongea naye.

Shule ilipofunguliwa alikuja mwalimu mpya kutoka Bukoba, Mwalimu Kokugonza, kijana, mchapakazi. Nakijwa alikuwa amezoea sasa kuandika shajara, akawa anaipeleka hata darasani. Mwalimu akaisoma, akashtuka, akamwita mzazi.

"Mzee Mgonja," alisema, "binti yako kwenye insha anaandika vizuri sana. Lakini hii shajara! Tazama hapa, herufi kubwa hakuna. Hapa maneno mawili ameyaunga. Nawe nasikia ndiwe uliyemfundisha. Mbona hukusahihisha?"

Eliamani akautazama ukurasa. Nakijwa alikuwa ameandika juu ya mama yake, siku alipojaribu kuimba jikoni, sauti ikakatika, akaendelea kusonga ugali kana kwamba hakuwa akiimba.

"Umesoma anachosema, mwalimu?"

Mwalimu akarudi kwenye ukurasa. Safari hii alisoma polepole. Alipomaliza, akavua miwani, akaifuta kwa kanga, na hakuivaa mara moja.

"Insha sahihisha, mwalimu," alisema Eliamani. "Kata, piga mstari, mwandikishe hata mara tano, nitakushukuru. Mtihani ni mtihani. Lakini hapa mtoto analia. Na kilio hakisahihishwi."

Mwalimu Kokugonza akalifunga daftari, akalirudisha kwa Nakijwa bila alama, akamwomba, kama akipenda, amletee tena siku nyingine. Maneno yale akayabeba hadi ofisi ya walimu. Kutoka pale yakaingia kanisani, kisha sokoni, kisha katika mabaraza ya usuluhishi, mpaka leo mtu anayeyasema hamjui Eliamani wala binti yake.

Basi wanangu, mtu akikujia na maumivu yake, huenda atayasema vibaya. Atachanganya lugha, atarudia maneno, ataanzia katikati. Mwache amalize. Siku ya kumfundisha kusema ipo, nayo si ile. Wakubwa walioishi mwaka ule wanalijua hilo bila kuelezwa, ndiyo maana mwenyekiti hakuongeza neno:

Kilio hakisahihishwi.