Ndoo ya Kwanza ya Kisima cha Jangwani

Inasimuliwa, nami naisimulia kama nilivyoipokea, kwamba katika jangwa moja palikuwa na kisima kilicholindwa na jini mcha Mungu. Wasafiri waliijua ada yake: ndoo ya kwanza humiminwa katika hodhi la mawe, wanywe paa na ndege, na zinazofuata ni za watu. Jini yule hakuwa na uwezo wa kuumba maji. Mola wake alimjaalia kuyapandisha tu, na nguvu zake zilitokana na kile ambacho mtu amejinyima.

Ukapita msafara wa wajanja. Wakanywa, wakanywesha ngamia, wakaoga mpaka wakatosheka, ndipo wakamimina hodhini mabaki yao na kuapa kwamba ile ndiyo ndoo ya kwanza. Siku ileile kisima kikakauka, yakabaki maji machache tu kitakoni.

Baada ya siku chache akafika mwanamke mwema, Unaisa binti Jundub, amembeba mgongoni mama yake, Bibi Lubaba, aliyekuwa karibu kufa kwa kiu. Akateremsha ndoo, ikapanda na maji nusu tu. Huruma ikamshinda; akachovya ncha ya shela yake, akamlowesha mama midomo. Ndipo akaikumbuka ada. Akayamimina yote hodhini, na moyo ukimuuma kwelikweli.

Sauti ikatoka kisimani: "Ewe mja wa Mungu, hii ni ndoo ya kwanza?"

"Ni ya kwanza."

"Kamili kama ilivyopanda?"

Unaisa akamtazama mama yake. Matone yale, nani angeyajua? "La," akasema. "Nilimlowesha mama midomo kwanza. Nisamehe, lakini sitakudanganya."

"Umesema kweli, mwanangu," akanong'ona Bibi Lubaba. "Sasa tungoje."

Wakaja ndege, akaja paa na mwanawe, wakanywa bila haraka. Unaisa akasubiri, mkono wake u kifuani mwa mama, akiisikiliza pumzi inavyopungua. Hodhi lilipokauka, maji yakasikika yakipanda kisimani.

"Wale wa msafara waliniapia uongo kwa jina la Mola wangu, nikaishiwa nguvu," akasema jini. "Wewe umenipa nusu ndoo na ukweli wako. Mnyweshe mama yako."

Ndugu zangu, tusiharakishe kuwalaani wale wa msafara. Ni mara ngapi tumekula tukashiba, kisha tukampa maskini kilichobaki na kukiita sadaka? Mola atujaalie kutoa tukiwa bado na kiu.