Gari Lililokaa Kama Limebeba

Ndugu zangu, leo mtanisamehe, nitasema nikiwa nimekaa. Wiki hii nimezika watu watatu na kufungisha ndoa moja, na miguu imegoma. Basi kwa kuwa nimechoka, nitawasimulia habari za mtu aliyechoka kuliko mimi.

Kulikuwa na bwana mmoja mwenye duka dogo la balbu na nyaya za umeme pale senta, lakini nyumba yake ilikuwa kijijini, huko juu milimani wanakolima viazi. Bwana huyu alikuwa na pikapu. Si zile zinazovuta kwa magurudumu yote manne, hapana. Hii ilisukumwa na mawili ya nyuma tu, na kwenye tope ilikuwa inakwenda upandeupande kama mlevi. Lakini ndiyo ilikuwa pikapu pekee kijiji kizima. Mnaelewa maana yake? Maana yake ni kwamba haikuwa yake.

Mtu kafiwa, pikapu. Bibi arusi anachukuliwa, pikapu. Saruji ya darasa la shule, ng'ombe mgonjwa, tangi la maji, kwaya na maspika yake, pikapu. Naam, kwaya, msiinamishe vichwa, nawaona. Bwana wa watu anaamka Jumapili akitamani kujilaza nusu saa zaidi, mara anasikia dirishani, "Hodi hapa! Kuna dharura kidogo." Dharura kidogo! Kila siku iendayo kwa Mungu, dharura kidogo.

Na alikuwa na ugonjwa ambao wengi wenu mnao. Hawezi kusema hapana. Neno linapanda mpaka kooni, linakwama, linatoka lingine: "Haya, nakuja." Jioni anakaa kwenye kochi na viatu vyake miguuni, chakula kinapoa mezani, yeye anatazama ukuta. Mke wake akimwambia, "Baba Nanihii, si uwaambie tu kwamba umechoka?" anajibu, "Wataniona nina roho mbaya."

Na aliyemhitaji kuliko wote alikuwa mzee mmoja mwenye kidonda mguuni. Kidonda sugu, cha kusafishwa zahanati kila Jumatatu na Alhamisi. Zahanati iko njia ya kwenda senta, mwendo wa saa nzima kwa mtu mzima wa afya, saa mbili kwa mwenye fimbo. Asubuhi mzee anasimama kando ya barabara, ananyoosha mkono. Bwana anasimamisha gari, anashuka, anamshika makwapani, anampandisha. Kisha njia nzima mzee anasimulia habari za mguu. Usaha ulivyotoka juzi, nesi alivyosema, dawa ya unga na dawa ya maji. Jamani, hata mwenye upendo anachoka kusikiliza habari za mguu.

Sasa siku moja bwana huyu aligundua kitu. Alikuwa amepakia saruji, gari limelala nyuma, bodi imekaribia kugusa tairi. Akapita kijijini kutoka mwanzo hadi mwisho na hakuna aliyemsimamisha. Watu walitazama tu wakasema, "Leo kajaza huyo, mwacheni apite." Alifika nyumbani na nguvu zake zote. Akakaa ndani ya gari lililozimwa, akafikiri.

Kesho yake akaenda kwa fundi.

"Nishushie gari," akasema.

Fundi akafurahi. "Ahaa! Na wewe unataka sifa kama vijana? Tunashusha mbele na nyuma, linakaa chini kabisa, linapendeza."

"Nyuma tu."

"Nyuma tu? Mzee wangu, litakaa kama limebeba magunia!"

"Ndivyo ninavyotaka."

Fundi akamwangalia vizuri kuona kama anatania. Akaona hatanii. Akamwambia, "Nikuonye kabisa. Nikipunguza hivi vyuma vya springi, kubeba usahau. Ukiweka mzigo wa maana, ekseli itakuwa inagonga chesisi njia nzima. Kwa nini uwe na pikapu isiyobeba?"

Bwana akasema, "Nimebeba vya kutosha." Na hilo, ndugu zangu, lilikuwa neno la kweli. Ila alimwambia fundi. Wenyewe waliopaswa kulisikia hakuwaambia.

Basi fundi akaingia uvunguni, akatoa vyuma viwili kila upande, akafunga kilichobaki. Gari likalala nyuma, pua juu. Bwana akafunika nyuma kwa turubai, akakaza kamba pande zote, akaondoka.

Na ilifanya kazi! Niwaambie ukweli, ilifanya kazi vizuri sana. Watu wa msiba waliikodi pikapu ya kijiji cha pili. Kwaya ilitembea kwa miguu, na wala haikufa. Bwana alilala mchana, kitu ambacho hakuwa amekifanya miaka kumi. Mnataka nimseme vibaya? Siwezi. Wiki ya kwanza nilipoisikia habari hii, moyoni nilisema, huyo fundi anapatikana wapi?

Lakini Jumatatu ilifika. Mzee yuko kando ya barabara. Akasikia gari, akanyoosha mkono. Gari lilipokaribia akaliona lilivyolala, akaushusha mkono wake. Akajisogeza majanini kumpa nafasi, akapunga kwa fimbo. "Pita, mwanangu, pita! Umezidiwa leo!"

Bwana akapita. Nyuma kulikuwa na boksi moja la balbu.

Alhamisi vivyo hivyo. Jumatatu tena. Miezi miwili, mara kumi na sita, yule mzee alipanda na kushuka mlima ule na mguu wake, na kila walipokutana alimpisha, na kila walipokutana alimwonea huruma. Bwana akaanza kutoka nyumbani alfajiri ili asimkute. Usingizi wa mchana nao ukakatika. Alikuwa amechoka sasa kwa namna nyingine, ile ambayo kulala hakuitibu.

Jumamosi moja, mchana kweupe, yuko kibarazani, akasikia sauti za watu langoni. Akaona watu kama kumi na wawili. Wanaume wamekunja mikono ya mashati. Akina mama wamesokota ngata, zile za kuwekea mzigo kichwani. Na nyuma yao, mguu umefungwa bandeji, mzee.

"Karibuni," akasema. "Kuna nini?"

Mama mmoja akajibu, "Tumekuja kukushushia mzigo."

"Mzigo gani?"

"Huo garini! Miezi miwili sasa hilo gari halijanyanyuka. Linaondoka limelala, linarudi limelala, hata likiegeshwa hapa siku nzima limelala tu. Tukasema, huyu ndugu yetu anateseka na hana hata wa kumsaidia kushusha. Tukaulizana, sisi katubeba mara ngapi? Sisi tumembebea nini?"

Bwana alisimama. "Acheni tu, jamani. Nitashusha mwenyewe."

"Ndiyo tabia yako," mzee akasema kwa upole, huku tayari anafungua kamba. "Hupendi kusumbua watu."

Ndugu zangu, mmewahi kusifiwa mkatamani ardhi ipasuke muingie? Bwana aliweka mkono juu ya turubai kama anataka kuzuia, halafu hakuwa na nguvu hata ya kuzuia. Kamba zikafunguka. Wakashika turubai pande zote mbili, wakalifunua.

Kulikuwa na tairi la akiba. Basi.

Mwanamume mmoja akainama, akachungulia uvunguni, akainuka taratibu. "Limeshushwa," akasema. "Halina mzigo. Limeshushwa tu."

Bwana alingoja matusi. Aliyataka, nadhani; yangekuwa nafuu. Akamtazama mzee, maana yeye ndiye mwenye haki ya kutukana, na mguu wake ulikuwa shahidi.

Mzee alijishikiza kwenye ubavu wa gari. Akatazama mle ndani mtupu. Kisha akasema, "Kumbe ulikuwa umechoka, mwanangu."

Bwana akalia. Mtu mzima, mbele ya mke wake na majirani, akalia kama mtoto. "Nimechoka, baba," akasema. "Nimechoka sana."

"Sasa mbona hukutuambia?"

Na wale watu kumi na wawili walikuwa bado wamesimama, mikono ya mashati imekunjwa, ngata mikononi. Walikuja na nguvu zao zote, wakakosa cha kushika.

Hapo ndipo naomba tukae kidogo, mimi na ninyi.

Sisi tunashusha magari. Simu inaita, hata hatujajua shida ya mtu, tumeshajibu, "Niko bize kweli kweli." Tunatembea haraka ibada ikiisha ili tuonekane tuna mahali pa kwenda. Tumejifunza kukaa kama tumebeba. Na kibaya ni kwamba uchovu wetu ni wa kweli! Yule bwana hakudanganya kuhusu uchovu. Alidanganya kuhusu mzigo, na uongo huo ukauficha ule ukweli ambao ungemponya.

Wala sisi tunaomsimamisha kila siku tusijione wasafi. Wale majirani walikuja, naam, Mungu awabariki. Lakini walichelewa miaka kumi. Wakati gari linabeba, nani alimuuliza dereva kama amekula?

Wewe uliyekaa hapo nyuma karibu na mlango, na wewe mama unayepikia watu wote na kula ukoko, na mimi mchungaji wenu: kuna watu wako tayari kuja. Nawajua baadhi yao. Wanatuhurumia kwa mizigo tuliyoibuni, na ile ya kweli hawajawahi kuiona. Leo ukitoka hapa mtu akuulize habari yako, usimwambie nzuri tu, usimwambie bize. Mwambie ilivyo. Mtu amekuja na mikono yake miwili. Mpe cha kushika.