Maua Yaliyotoka Ukutani

Watoto wa kijiji cha Kihuro wakiuliza kwa nini maua ya msituni hutangulia majani ya miti, na kwa nini hayamalizi siku kumi, wazee huwajibu kwa habari za Nakiete.

Enzi hizo chini ya miti hapakuwa na ua hata moja. Kiangazi kiliisha, mvua ikanyesha, miti ikachipua, basi. Nakiete alijifungua mwishoni mwa kiangazi kirefu, akawekwa ndani kama ilivyokuwa desturi, siku arobaini bila kuvuka kizingiti. Mtoto alikuwa mzima wa viungo, ila hakufumbua macho. Alinyonya kidogo, akalala. Zikapita siku ishirini.

"Mtoto asiyeutazama ulimwengu hakai," alisema Namkunda, mama mkwe wake, akiweka uji chini. "Nakwambia mapema, mkamwana, usije ukasema hukuambiwa."

"Atazame nini, mama? Ukuta?"

"Wenzake wote walianza na ukuta huo huo."

Nakiete akautazama ukuta. Hata yeye hakuona sababu ya kuufumbulia macho. Akakoroga udongo mwekundu, akaloweka majivu meupe, akakamua majani ya kunde yaliyobaki chunguni, akaanza kuchora kwa kidole. Alichora vitu asivyowahi kuviona: vikombe vyekundu vilivyoinama, nyota nyeupe zenye ncha sita, vikonyo vyembamba vya kijani. Majani hakuyachora, maana rangi ya kunde ilimwishia kwenye vikonyo.

Siku ya thelathini mtoto akafumbua jicho moja, kisha la pili. Akatazama.

Siku ya arobaini Namkunda akaja na jembe kuukuu. Ukuta wa uzazi hukwanguliwa, udongo wake hutupwa msituni, ndipo mtoto apewe jina.

"Mama, huu tuuache. Atafumba tena."

"Nimekwangua kuta za wajukuu tisa. Wewe ni nani uanzishe yako? Sogea."

Akakwangua vikapu vitatu, akaenda kuvimwaga chini ya miti. Alipokung'uta cha mwisho, mvua ya kwanza ilimdondokea kichwani. Nyumbani, mtoto alikuwa amefumba macho. Titi alilikataa. Jioni ikaingia na jina halijatolewa, kwani nani humpa jina mtu aliye safarini kurudi alikotoka?

Alfajiri mvua ilipokatika, Nakiete alimfunga mtoto mgongoni akachukua kikapu. Alitaka kuuzoa ule udongo, aurudishe ukutani, achore upya. Hakuwa na wazo jingine. Alifuata mabonge yaliyodondoka njiani mpaka penye miti, na hapo akasimama.

Msitu wote ulikuwa umechorwa. Vikombe vyekundu vilisimama maelfu kwa maelfu kati ya mizizi, vimeinama vilevile alivyoviinamisha yeye. Nyota nyeupe zilipanda mteremko hadi macho yalipokoma. Miti juu ilikuwa bado mikavu, jua likashuka bila kizuizi, na kila ua likawaka kana kwamba limemeza kaa la moto.

Namkunda alifika nyuma yake akihema, amejaa maneno ya kukemea. Akainama, akagusa ua moja kwa ncha ya kidole.

"Nilimwaga tope," alisema kwa sauti ndogo. "Tope tu, mwanangu."

Mgongoni, mtoto akageuza shingo. Macho yalikuwa wazi. Alitazama huku, akatazama kule, kisha akalia kwa njaa.

"Mrutu," akasema Namkunda upesi. "Anaitwa Mrutu. Apewe hapa hapa, kabla hajabadili nia."

Na tangu siku hiyo maua ya msituni hutoka kwa haraka, vikonyo vitupu, kabla miti haijafunga kivuli, na hudumu siku chache kama rangi ya ukutani. Tangu siku hiyo pia, mtoto wa Kihuro aliyezaliwa kiangazi hupewa jina msituni, na bibi yake ndiye hubeba udongo. Hakuna anayechuma ua. Yakinyauka, hakuna anayelia. Mama hushika jembe, mtoto mgongoni, akaenda shambani kupanda.