Mpaka wa Kifaru Ng'ambo ya Mto

Wanangu, hadithi inabisha hodi!
— Ifungulieni, iingie!
Inaingia na mkia wake!
— Isogee, isikanyagwe!

Alikuwepo Kifaru, mwenye nguvu na mlafi. Kila alipokojoa alisema, "Hapa pangu!" Akikojoa kichakani, kichaka chake. Akikojoa njiani, njia yake. Shwaaa! Bonde lote likawa lake, wengine wakala majani makavu.

Chini ya kichaka kimoja aliishi Buku, panya wa shimoni mwenye pua kali. Siku moja akasikia: ti... ti... ti. Hakuna shwaaa.

"Shikamoo, Mzee. Mkojo unakusumbua? Niruhusu niunuse. Pua yangu huutambua ugonjwa ukiwa bado mchanga."

"Wewe! Kifaru anuswe na panya? Toka hapa!"

Buku hakukasirika. Alijua mzee anaogopa.

"Basi, yaishe. Nakwenda zangu ng'ambo ya mto. Kule kuna majani mabichi, hayana mwenyewe. Nasikia Nyati anakwenda kuweka mpaka."

"Nyati? Yangu hayo!"

"Lakini daraja ni gogo bovu, Mzee, litakatika. Kojoa kwenye ganda hili la yai la mbuni, nikakuwekee mpaka mimi."

Ti... ti... ti. Ilichukua muda. Buku akageukia pembeni, asimwaibishe mzee wa watu.

Kisha nusa, nusa! Akakwaruza chini, ishara yake ya ugonjwa: kwaru, kwaru!

"Mzee, nasikia harufu ya saratani ya tezi dume. Twende kwa mganga Korongo akahakikishe."

"Umenidanganya!"

"Nimekudanganya. Ukipona, nikanyage."

Korongo akapima. Kweli ugonjwa upo, ila haujasambaa. Akamtibu. Tangu hapo kila mwezi ulipoandama Kifaru alileta mkojo. Nusa, nusa! Buku akatulia, hakukwaruza. Asubuhi moja bonde lote likasikia: SHWAAA!

Kifaru akaja shimoni, akainua mguu. Buku akafumba macho.

"Fumbua, mjukuu wangu. Panda kwenye pembe yangu."

Buku akapanda, kifua mbele. Wakapita kwa Nyati, kwa Kongoni, kwa Ngiri, Kifaru akinguruma: "Wazee wenzangu, kojoeni! Huyu ndiye bingwa! Mkojo wangu kaunusa yeye mwenyewe!" Wazee wakapanga foleni, kila mmoja kashika ganda lake, anaringa.

Na majani ya ng'ambo? Hayakuwepo. Kule ni mawe matupu.

Hadithi yangu imeshiba, imelala. Funzo lake, wanangu: mtoto mwenye adabu hanusi mambo ya wakubwa, ila mkojo wao tu!