Aliyenyamaza Amekubali

Paukwa!

— Pakawa!

Ala! Ndiyo pakawa gani hiyo, ya watu walioshindia maji? Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa mji! Mji wa wenye pembe na wasio na pembe, wenye mikia na waliokosa mikia. Kaeni vizuri. Na wewe uliyejikunja huko nyuma, nyoosha shingo, maana hadithi hii haimtaki mtu wa kusinzia. Kwa nini? Utaona mwenyewe.

Hapo zamani, zamani hasa, wanyama walikuwa na mji wao, na mji ulizungukwa na ua wa miiba. Ndani ya ua sheria ilikuwa moja: hakuna kumla mwenzio. Na nje ya ua? Nje ya ua kila mtu na meno yake.

Mambo ya mji yaliamuliwa kwenye jabali, katika baraza. Mwenye neno alipanda jabalini, akasema mpaka akaridhika, akashuka. Ndivyo walivyokuta, ndivyo walivyofuata.

Katika mji huo aliishi Mama Ngiri na watoto wake watatu. Shimo lao lilikuwa pale kwenye mteremko, kavu wakati wa masika, lina ubaridi wakati wa kiangazi. Mama Ngiri hakuwa mgomvi. Ila vikao, jamani, vikao vilimchosha! Chura akipanda jabalini, lo! Ataanza na babu yake, apitie kwa mjomba wake, na habari ya kisima bado hajaigusa. Watoto wa Ngiri wanalia njaa nyumbani, mama yao yuko barazani anamsikiliza mjomba wa Chura.

Siku moja Mzee Fisi, mwenyekiti wa baraza, akasimama. Akasema kwa sauti tamu, sauti ya asali:

"Ndugu wajumbe, nawaonea huruma. Vikao ni virefu mno. Tuweke kanuni: kila mtu aseme kwa pumzi moja. Pumzi ikikatika, na maneno yamekwisha. Tai atakaa hapa kando yangu, aangalie mbavu za msemaji."

Chura akaruka. "Lakini mimi..."

"Hivi huyu akipewa pumzi mbili si tutalala hapa?" akasema Fisi. Baraza zima likacheka. Na aliyepiga makofi zaidi ya wote ni Mama Ngiri. Kanuni ikapita.

Kikao cha pili, Kanga akamkatiza mwenyekiti: "Hapana, Mzee, hilo si kweli! Hapana, Mzee!" Kanga hajui kusubiri, mnamjua. Fisi akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Ndugu wajumbe, heshima iko wapi? Tuweke kanuni: anayetaka kusema leo, awe ameniomba ruhusa jana."

Mama Ngiri akapiga makofi. Si masikio yake yalikuwa yanauma kwa kelele za Kanga? Kanuni ikapita.

Kikao cha tatu, hoja ikafika kwenye kura, na Kobe bado yuko njiani. Wakamngoja. Jua likawaka, wakamngoja. Fisi akafuta jasho.

"Ndugu wajumbe, kura za nini? Tuweke kanuni: mwenye hoja ataiuliza mara tatu. Mwenye kupinga apinge. Aliyenyamaza amekubali."

Mama Ngiri akapiga makofi. Kobe alipofika, akaambiwa amekwisha kukubali.

Basi, mji ukanyamaza. Vikao vikawa vifupi, watu wakarudi nyumbani mapema. Mama Ngiri akawa anaimba njiani.

Kikao cha nne, Fisi hakuwa na sauti ya asali tena.

"Hoja ni moja. Mwenyekiti hana ofisi. Lile shimo la mteremko linafaa. Mama Ngiri atalikabidhi kikao kijacho, na kwa kuwa mjini mashimo yamejaa, yeye na wanawe wataishi nje ya ua."

Nje ya ua! Mnakumbuka nilivyowaambia? Na huko nje nani alikuwa akizunguka usiku na mchana? Shemeji zake Fisi, binamu zake Fisi, ukoo mzima wa Fisi, mate yanawadondoka.

Mama Ngiri akainuka. "Mzee Fisi! Watoto wangu..."

"Uliomba ruhusa jana?"

"Jana ningejuaje?"

"Hukuomba. Tai, mkalishe." Tai akatanua mbawa, Mama Ngiri akakaa. "Nauliza mara ya kwanza!"

Kimya.

Mama Ngiri akamtazama Chura. Ah, angekuwepo Chura yule wa zamani! Angeanza na babu yake, jua likazama, kikao kikavunjika. Chura akafumba macho.

"Nauliza mara ya pili!"

Kimya. Kanga alikuwa amejiuma ulimi.

"Nauliza mara ya tatu!"

Kimya.

"Imepita," akasema Fisi, akamtazama mtoto mdogo wa Ngiri kuanzia kichwani mpaka kwatoni.

Mama Ngiri akaenda kwa Kanga. "Shoga, nisaidie."

"Shoga," akasema Kanga, "siku niliyofungwa mdomo, nani alipiga makofi?"

Akaenda kwa Kobe. "Babu, nisaidie."

"Mjukuu wangu," akasema Kobe, "siku niliyonyimwa kura, nani alipiga makofi?"

Akaenda kwa Chura, lakini huyu hakumwomba kitu. Alipiga magoti kwenye tope, akalia. "Bwana Chura, nilikukosea. Nilikucheka, na leo wanangu wanaliwa kwa makofi yangu. Nisamehe."

Chura akamtazama, akaingiwa na huruma. Akavuta pumzi, akaanza na babu yake. Akapita kwa mjomba wake. Mama Ngiri akasikiliza. Akasikiliza yote. Mwisho Chura akasema:

"Na katika ukoo wetu, mama, hakuna kilichowahi kutunyamazisha ila kimoja. Nzi akishanasa mdomoni, hatusemi mpaka tummeze."

Mama Ngiri akainuka na tope lake magotini. Akaenda bondeni, palipofia nyati wa zamani. Akachimba kwa pembe za mdomoni, akachimba kwa pua, mpaka akatoa mfupa wa paja, mzito, umejaa uboho.

Siku moja kabla ya kikao, akamwendea Fisi. "Mzee, naomba ruhusa ya kusema kesho. Nataka kutoa shukrani na zawadi kidogo."

Fisi akacheka mpaka akalegea. "Shukrani! Huyu sasa ana adabu. Ruhusa umepata."

Siku ikafika. Watoto wa Ngiri walisimama karibu na mlango wa ua, na kwa nje pua za akina Fisi zilikuwa zinanusa kwenye miiba. Mama Ngiri akapanda jabalini. Akauweka mfupa mbele ya mwenyekiti, na harufu ya uboho ikapanda.

Tai akasogea. Fisi akamwona. Hap! Mfupa ukawa mdomoni mwa Fisi.

Hapo Mama Ngiri akavuta pumzi, moja tu, mbavu zikatanuka kama ngoma, akasema bila kupumua:

"Hoja yangu: kanuni zote tatu zifutwe, shimo langu libaki langu, na Fisi ashuke kitini. Nauliza mara ya kwanza!"

Fisi akatoa macho. Aseme? Akisema, mfupa utaanguka. Ukianguka, Tai yuleee, shingo imekwishanyooka. Tai naye, badala ya kuangalia mbavu za msemaji, anaangalia mfupa.

Kimya.

"Nauliza mara ya pili!"

Kifua kinamwaka Mama Ngiri. Macho yanaona giza. Fisi akataka kusema "Sitaki!" Haya, hebu nyinyi umeni vidole mseme "sitaki," tusikie. Ehee! Ndivyo ilivyomtoka: "Mh! Mh!"

Wajumbe wakatazamana. Hakuna aliyeomba ruhusa jana. Hakuna aliyefungua mdomo.

Pumzi ilikuwa imebaki ya kuzimia kibatari. Mama Ngiri akawaona wanawe pale mlangoni, akaikamua ile iliyobaki:

"Nauliza... mara ya tatu!"

Kimya. Kimya, jamani, mpaka nzi wakasikika.

"Imepita!" akasema Mama Ngiri, akaanguka chini akihema.

"Sikukubali!" akapiga kelele Fisi. Mfupa pu! Tai akaunyakua, huyoo angani.

Ndipo Kobe, ambaye siku hiyo alianza safari mapema, akanyoosha shingo. "Ulinyamaza mara mbili, Mzee. Na ile mara nyingine tulikusikia kwa masikio yetu ukiitika: mh, mh."

Mji ukaangua kicheko. Fisi akaufyata mkia, akatoka nje ya ua kwa nduguze, na hakuulizwa alikula nini jioni ile.

Chura akapanda jabalini. Akaanza na babu yake. Wengine wakaguna, lakini Mama Ngiri akawakemea: "Mwacheni aseme!" Akakaa na wanawe mpaka neno la mwisho la Chura, na jua likawa limezama zamani.

Tangu siku hiyo, mtazameni ngiri akiingia shimoni. Huingia kinyumenyume, uso nje, asije akapitishiwa jambo akiwa amegeuka. Na chura? Mmesikia wenyewe masika hii kama kuna mtu anamkatiza.

Funzo lake ni hili, wanangu: ukishangilia jirani yako akizibwa mdomo, umezoeza mkono utakaoziba wa kwako.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Iliyemkolea achukue, iliyemkwaruza aseme sasa, maana kwangu mimi aliyenyamaza hajakubali, amesinzia tu.